Kuusaka mvumo

Kuunda amplifaya inayopiga muziki si kazi ngumu siku hizi. Ukipata chipu moja ya LM3886 yenye miguu kumi na mmoja, rezista na kapasita za kuhesabika, na kipande kinene cha alumini cha kuipoza, umeshavuka nusu ya safari. Waliobuni chipu hiyo ni kampuni ya National Semiconductor, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Texas Instruments. Waliandika kwenye karatasi zake kwamba inatoa wati 68 kwenye spika ya omu 4, na ukiilisha umeme wa kutosha hawakudanganya. Kazi yenyewe huanza pale muziki unaposimama, ndipo unaposikia kitu chako kinavuma.

Ya kwangu niliiundia Tanga, kwenye kibanda cha mjomba wangu pale Ngamiani. Mjomba ni fundi redio wa tangu enzi za redio za valvu, zile za kasha la mbao ambazo ukiziwasha unasubiri kwanza zipate moto ndipo zitoe sauti. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nimejaa hesabu kichwani, mikono haina subira. Yeye hesabu hakuzipenda hata kidogo, ila masikio anayo. Kaseti ikipigwa nyumba ya tatu, atakuambia kichwa cha deki kimechafuka, na ukienda kutazama unakuta ni kweli.

Transfoma tuliisukisha kwa fundi wa kusuka mota, jirani tu na kibanda. Tulimwomba volti 18-0-18, yaani waya mbili za pembeni na mmoja wa katikati. Volti 18 za umeme wa kupishana ukizipitisha kwenye daiodi na kuzijaza kwenye kapasita hupanda hadi kama 25, kwa sababu kapasita hujaa mpaka kwenye kilele cha wimbi, si kwenye wastani wake. Kwa hiyo kila upande tuliweka kapasita ya mikrofaradi 10,000 inayohimili volti 50, tusije tukaokota vipande vyake darini. Kasha lilikuwa la UPS iliyokufa. Spika zilikuwa za mjomba mwenyewe, maboksi ya mninga aliyoyaranda akiwa kijana, mazito kiasi kwamba hakuna mwizi aliyewahi kuyatamani.

Sababu ya yote haya ilikuwa kanda zake za taarabu. Wenyeji wa Tanga hawahitaji kukumbushwa, lakini kwa wengine niseme tu kwamba vikundi vya Black Star na Lucky Star viliibadilisha taarabu kwa kuingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, mambo ya bendi za dansi, mahali ambapo masikio yalizoea udi, fidla na ganuni. Mjomba hupenda besi ile kuliko hata sauti ya mwimbaji. Alitaka amplifaya itakayompa noti moja moja, si vishindo vya sabufa za madukani ambazo kila noti kwake ni "bum".

Na hapo ndipo mvumo ulipotuumiza zaidi. Umeme wa nyumbani kwetu hupishana mara 50 kwa sekunde, hezi 50. Daiodi zikishaukunja ili uwe wa upande mmoja, kapasita hujazwa mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo unachosikia kwenye spika ni hezi 100. Sasa uzi mwembamba kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi bila kubonyezwa, hulia kwa hezi 98. Mpigaji akitua kwenye noti hiyo na mvumo upo, sauti mbili zilizokaribiana hivyo hugombana: zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, mara mbili kwa sekunde. Kwenye kaseti kuukuu inayokwenda mwendo wa kusuasua huo ugomvi haukai mahali pamoja, unatembea. Mtu asiyejua atadhani mpigaji besi alikuwa amelewa. Kwa hiyo hatukuwa tunapigania ukimya wa katikati ya nyimbo tu, tulikuwa tunapigania besi yenyewe.

Mvumo si wa aina moja, na mtu akijifunza kuutofautisha kwa sikio ameokoa siku nzima ya kuhangaika. Gusa kwa kidole pini ya kati ya waya wa kuingizia sauti: utasikia mngurumo mnene, laini. Huo ni wa hezi 50, mwili wako umeunasa hewani kutoka kwenye nyaya za nyumba. Transfoma iliyo karibu mno na saketi nayo hutoa mngurumo wa namna hiyo hiyo. Wa hezi 100 una makali. Una chengachenga ndani yake, kwa kuwa haukuzaliwa na wimbi laini bali na mipigo mifupi ya umeme, na mpigo mfupi huja na sauti nyingi za juu zinazoufuata. Wetu ulikuwa wa makali.

Nilianza na vipimo nilivyofundishwa. Nikachukua jeki tupu, nikaunganisha pini yake ya kati na ganda lake, nikaichomeka kwenye mlango wa sauti ili kisiingie chochote kutoka nje. Mvumo ukabaki vilevile. Nikashusha voliumu mpaka sifuri, mvumo haukutikisika. Maana yake ni kwamba ugonjwa uko ndani ya kasha, na uko baada ya kitufe cha voliumu. Nilikuwa tayari kuanza kung'oa chipu, nikiamini nimeuziwa bandia, maana bandia za chipu hizi zimejaa sokoni.

Mjomba akanizuia. Akaweka kaseti, akapiga wimbo kwa sauti ya chini, akaniambia nisikilize. Kisha, wimbo ukiwa unaendelea, akaenda ukutani akachomoa plagi.

Muziki haukukatika. Uliendelea kwa sekunde moja na ushei, ukilishwa na umeme uliokuwa umebaki kwenye zile kapasita kubwa, ndipo ukaanza kukwaruza na kufa. Deki ya kaseti ilikuwa na betri zake, kwa hiyo yenyewe haikujua kilichotokea. Lakini mvumo ulikatika papo hapo, plagi ilipotoka tu. Katika ile sekunde moja nilisikia gitaa la besi lilivyo, limesimama peke yake, safi kabisa.

"Umesikia, mjomba?" akaniuliza.

"Nimesikia, mjomba."

"Basi chipu yako usiiguse. Haina kosa. Tatizo liko kwenye namna unavyoilisha."

Mpaka leo sijaona kipimo cha bei rahisi kinachosema mengi namna ile. Kama chanzo kingekuwa ndani ya chipu au kwenye rezista mbovu, kelele zingeendelea hadi kapasita zikauke. Kilichokufa pamoja na plagi lazima kinatokana na umeme wa ukutani wenyewe: ama usumaku wa transfoma, ama ile mipigo ya kujaza kapasita. Na kwa kuwa sauti ilikuwa ya makali ya hezi 100, mshukiwa alikuwa mmoja.

Dawa ya mjomba ilikuwa kuongeza kapasita. Sikumlaumu. Katika redio za zamani alizozitengeneza maisha yake yote, mvumo wa namna hii mara nyingi ulikuwa ni kapasita iliyokauka, na ukiibadilisha mgonjwa anapona. Lakini hesabu za mashine yetu zilisema vingine. Chipu zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zikiwa kimya hula kama sehemu moja ya kumi ya ampea. Kwa mikrofaradi 10,000, umeme wa kapasita unayumba kwa sehemu moja ya kumi ya volti tu kati ya mjazo mmoja na mwingine, na chipu yenyewe, kwa maelezo ya watengenezaji, huukandamiza uyumbaji huo zaidi ya mara laki moja kabla haujafika kwenye spika. Hapo hakuna cha kusikika. Tena kuongeza kapasita kungeweza kutuzidishia balaa. Daiodi hufunguka pale tu wimbi linapopanda juu ya kiwango cha kapasita, kwa kitambo kifupi karibu na kilele. Kapasita ikiwa kubwa zaidi, haishuki sana, kwa hiyo daiodi zinafunguka kwa muda mfupi zaidi, na umeme ule ule unalazimika kupita kwa mpigo mwembamba na mrefu zaidi. Mashine inayokula sehemu moja ya kumi ya ampea kwa wastani inaweza kuwa inavuta mipigo ya ampea nzima.

Swali likawa: mipigo hiyo inapita wapi?

Hapa ndipo michoro ya saketi inapopotosha watu, nami naona waandishi wa michoro wana deni kwetu. Kila penye graundi wanachora alama ile ile ya vistari vitatu, na jicho linaamini kwamba alama zote ni sehemu moja yenye volti sifuri. Kwenye karatasi ni kweli. Ndani ya kasha, kati ya alama na alama kuna waya, waya una ukinzani, na umeme wowote unaopita humo unaacha volti zake njiani. Umeme haumwagiki kwenye graundi ukapotea. Unarudi ulikotoka, na unarudi kwa njia uliyoijenga wewe.

Kati ya kapasita zetu mbili kulikuwa na kipande cha waya, urefu wa sentimita tano hivi, nusu milimita mraba, kilichounganisha mguu wa hasi wa moja na mguu wa chanya wa nyingine. Kwa transfoma yenye waya wa katikati, mpigo wa kujaza huingia kapasita ya juu, ukapita kwenye kipande hicho, ukaingia ya chini, ukarudi kwenye transfoma. Mara 100 kwa sekunde. Ukinzani wa kipande chenyewe haufiki miliomu 2, mita ya kawaida haiwezi hata kuupima. Lakini ampea moja ikipita kwenye miliomu 2 inaacha milivolti 2. Na sisi, kwa kuwa mchoro ulisema zote ni graundi, tulikuwa tumeshikiza graundi ya mlango wa sauti kwenye ncha ya kushoto ya kipande hicho, na waya wa kurudi wa spika kwenye ncha ya kulia, kwa kufuata nafasi iliyokuwa inapatikana. Chipu ikaziona zile milivolti 2 kama muziki, ikazikuza mara 21 kama rezista zake zinavyoiagiza, ikazipeleka kwenye spika. Nilipoweka mita kwenye spika ilisoma milivolti 40 hivi. Ni kidogo sana mchana. Usiku, Ngamiani ikishalala, ni kelele ya kumnyima mtu usingizi.

Mjomba hakupenda mambo ya miliomu, kwa hiyo nilimweleza kwa nyumba ya kupanga. Wapangaji wawili wanachangia bomba moja jembamba. Wa uani akifungua maji kujaza ndoo, wa mbele anayeoga anabaki na sabuni machoni. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja ana haki ya maji yake, shida ni kwamba wanachangia kipande cha bomba ambacho kila mmoja alipaswa kuwa na chake. Aliposikia hivyo akachukua pasi ya kulehemia mwenyewe, akaniambia nimwonyeshe kipande kipi ni bomba.

Kazi ilituchukua jioni nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kubomoa. Kile kipande cha kati ya kapasita tulikibadilisha kwa shaba nene, tukakiachia kazi yake moja ya kupitisha mipigo, kisichukue waya mwingine kwenye ncha zake. Kutoka katikati yake hasa tulitoa tawi moja, waya mnene, likaenda kwenye boliti. Kila kilichoitwa graundi kikaletwa kwenye boliti hiyo kwa waya wake mwenyewe: wa spika ya kushoto, wa spika ya kulia, graundi ya nguvu ya kila chipu, graundi ya mlango wa sauti. Kila waya na kipete chake, kimebanwa halafu kikalehemiwa, maana kipete kilichobanwa tu hulegea joto likipanda na kushuka. Mjomba alikata kila waya mara mbili, mara ya kwanza kwa kipimo, mara ya pili kwa jicho, mpaka hakuna uliojikunja bure. Nyaya za transfoma tukazisokota pamoja kama alivyofundishwa kwenye redio za valvu: waya wa kwenda na wa kurudi zikisokotwa, usumaku wa mmoja unaufuta wa mwenzake. Tukafanya hivyo hivyo kwa nyaya za spika.

Tulipowasha, yale makali yalikuwa yameondoka. Hakukuwa na kifaa hata kimoja kilichobadilishwa zaidi ya waya.

Ulibaki mngurumo laini kwa mbali, wa hezi 50, nao ulikuwa wa transfoma. Transfoma za bati za E na I huvujisha usumaku, na yetu ya kusukwa kwa mkono ilivujisha zaidi. Tulilegeza skrubu zake, tukafunika miguu ya umeme kwa mpira, mjomba akaizungusha taratibu kwa kipande cha mti mimi nikiwa nimeinamia spika. Kuna pembe moja ambapo sauti ilishuka ghafla, na ukivuka kidogo inarudi. Tukaifungia hapo, imekaa upande kidogo ndani ya kasha, inaonekana kama imefungwa na mlevi. Mlango wa sauti tukauhamishia kona ya mbali.

Kisha nikaleta kompyuta.

Nilitaka kupiga nyimbo nilizokuwa nimezihamisha kutoka kwenye kanda. Nikachomeka waya wa sauti kati ya kompyuta na amplifaya, na kabla sijabonyeza chochote mvumo ukarudi, kama vile hatukufanya kazi. Nikachomoa waya, kimya. Nikachomeka, mvumo.

Huu ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kompyuta ina plagi ya pini tatu, kasha lake limeshikizwa kwenye ethi ya nyumba. Amplifaya yetu nayo ina pini tatu, nayo imeshikizwa huko huko. Ganda la waya wa sauti likaunganisha mashine hizo mbili kwa njia ya pili. Hapo umepata kitanzi: kutoka amplifaya hadi kompyuta kwa ganda la waya wa sauti, kutoka kompyuta hadi soketi, kutoka soketi hadi amplifaya tena. Usumaku wa nyaya za nyumba unasukuma umeme kidogo ndani ya kitanzi hicho, umeme unapita kwenye ganda la waya wa sauti, na chochote kinachobaki kwenye ganda kinahesabiwa kuwa muziki.

Dawa ya mjini inajulikana: kata pini ya ethi. Mafundi wanafanya, wapiga muziki wa kumbini wanafanya, na mvumo kweli unakwisha, ndiyo maana ushauri huu haufi. Mjomba alikuwa ameshashika koleo.

Hapo tuligombana, kwa heshima, lakini tuligombana. Nilimwambia kasha letu ni la chuma na transfoma ni ya kusukwa kwa mkono. Siku waya wa moto ukichubuka ukagusa kasha, ethi ikiwapo umeme mwingi utapita ghafla, fyuzi itakatika, mchezo umekwisha. Ethi ikikatwa, fyuzi haitajua lolote. Kasha litakaa na volti 230 likimsubiri mtu wa kuligusa, na swichi za kinga za majumbani hutegwa zikate umeme unapovuja miliampea 30 tu, kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa mtu uko hatarini. Na hao watakaoligusa ni watoto wake wanaokuja kubadilisha kaseti.

"Mbona redio kaseti zina pini mbili na haziui?" akaniuliza. Lilikuwa swali zuri. Nilimgeuzia redio mojawapo ya wateja, nikamwonyesha nyuma yake alama ya mraba ndani ya mraba. Vifaa vyenye alama hiyo vimejengwa kwa kinga mbili, hakuna chuma unachoweza kukigusa ambacho waya mmoja ukichubuka kitapata umeme. Chetu hakikujengwa hivyo. Akaguna, akaweka koleo mezani, akasema, "Haya, niue mvumo bila kukata."

Kuna namna. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, tuliufunga kwenye kasha lenyewe, pale pale umeme unapoingia, kwa boliti yake isiyofanya kazi nyingine. Rangi ya kasha tuliikwangua chini ya boliti hadi bati likang'aa, kwa sababu rangi ni kinga na watu wengi hufunga ethi juu ya rangi wakadhani wamefunga. Ile boliti ya graundi zote tukaitenga na kasha kwa vikombe vya plastiki, na jeki za kuingizia sauti tukazitenga vilevile. Kati ya boliti hiyo na kasha tukaweka rezista ya omu 10, na sambamba nayo kapasita ndogo pamoja na daiodi za daraja la ampea 35, zilizofungwa ili zipitishe umeme pande zote mbili. Volti za kitanzi ni ndogo mno, haziwezi kuzifungua daiodi, kwa hiyo zinalazimika kupita kwenye omu 10, na kwa kulinganisha na miliomu za waya, huo ni mlima. Umeme wa kitanzi unakaribia kukoma. Lakini hitilafu kubwa ikitokea, volti zikivuka moja na nusu hivi, daiodi zinafunguka na njia ya kwenda ethi inakuwa wazi, fyuzi inakatika kama inavyotakiwa. Tulipima: kutoka pini ya ethi hadi kasha, sifuri. Kutoka kasha hadi graundi ya sauti, omu 10. Kompyuta ikachomekwa, na mvumo haukuwapo.

Jirani mmoja aliyekuwa akifuatilia mkasa wetu kutoka barazani alikuwa na nadharia yake, kwamba ethi ya nyumba imekauka kwa jua la kaskazi na inatakiwa kumwagiwa maji ya chumvi. Kumwagia fimbo ya ethi maji si ujinga, udongo mkavu haupitishi umeme vizuri na usalama wa nyumba unategemea hilo. Ila kwa mvumo hakusaidii. Deki ya kaseti ya betri haina fimbo yoyote ardhini na haivumi. Ndege iko hewani na redio zake zinafanya kazi. Amplifaya haitafuti udongo, inatafuta njia safi ya kurudi kwenye kapasita zake.

Nyumbani kwa huyo jirani ndiko tulikokutana na kisa cha tatu. Soketi zake zilikuwa na tundu tatu lakini ile ya ethi haikuunganishwa na kitu, jambo la kawaida katika nyumba kongwe. Kompyuta yake ukiigusa kasha kwa mgongo wa mkono inakutekenya. Ndani ya kompyuta kuna vikapasita vidogo vya kuchuja vinavyounganisha kasha na waya zote mbili za umeme, na ethi isipokuwapo kasha linaning'inia katikati, karibu volti 115. Umeme wenyewe ni mdogo mno kuweza kudhuru, ila ukiunganisha waya wa sauti unapata njia, unakimbilia kwenye amplifaya na kuleta chengachenga. Hapo hakuna rezista itakayomsaidia. Tulimwambia aite fundi umeme mwenye leseni amchimbie ethi.

Habari zikaenea, wateja wakaanza kuleta amplifaya zinazovuma, na mjomba akagundua tatizo ambalo sikulifikiria. Mteja akija kuchukua mashine yake anauliza, "Umebadilisha nini?" Ukimwambia umehamisha waya mmoja kutoka hapa kwenda pale, hataki kulipa. Kapasita mpya inayong'aa analipia bila kinyongo, hata kama haikuhitajika. Mjomba alivumilia mabishano hayo kwa muda, halafu akanunua mpira mwekundu wa kuvika nyaya, ule unaojikunja ukipata moto. Sasa kila waya wa graundi anaouhamisha anauvika wekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mteja akiuliza anafungua kasha, ananyoosha kidole, anasema, "Huo hapo." Wanalipa.